Arubuni ya Harusi

Fundi cherehani alikuwa amekaa dirishani ndani ya basi, furushi la magauni mapajani, pale kijana aliyekaa ubavuni mwake alipoanza kumfundisha utajiri bila kuulizwa. "Hisa zenyewe hununui, mama. Unalipa kidogo, upate haki ya kuzinunua mwezi ujao kwa bei ya leo. Zikipanda, umeula. Zikishuka, unaziacha, unapoteza kile kidogo tu."

"Hiyo si arubuni?" Fundi alizikumbuka nguo kumi na moja kabatini kwake, za watu waliolipa arubuni wakaingia mitini. "Na usiporudi, anaila nani?"

"Aliyekuuzia hiyo haki."

"Kumbe kazi hiyo naifanya mwaka wa ishirini huu, ila mimi niko upande wa kula!"

Abiria wa nyuma akacheka. Kijana akakaza uso, maana somo lilikuwa bado. "Kanuni ya kwanza, mama: usiweke pesa ambayo ikipotea utalia."

"Wewe umeweka ya nini?"

Kijana akatazama viatu vyake. "Ya harusi."

"Harusi lini?"

"Mwezi ujao. Zikipanda."

Basi likasimama. Fundi akakumbatia furushi lake, akainuka. "Suti njoo nikushonee, mwanangu. Lakini kwako arubuni sipokei. Lete yote."