Isabella Laidler Azimiwa Matanuru

Ijumaa, tarehe 6 Oktoba 1899, saa nne asubuhi, meli yetu ya mizigo, Isabella Laidler, alizimiwa matanuru kwenye gati la South Shields na kustaafu rasmi baada ya miaka ishirini na minane ya kazi. Kwa kuwa hawezi kujieleza mwenyewe, kamati ya tafrija imenipa kazi hiyo mimi, injinia wake wa pili kwa miaka tisa ya mwisho. Desturi inataka mstaafu asifiwe tu. Nitajitahidi.

Aliundwa hapa hapa mtoni Tyne mwaka 1871, akapewa jina la mama mzazi wa Bwana Septimus Laidler, mwenye kampuni. Wanaomkumbuka bibi huyo wanasema walifanana: wapana, wapole, wazito wa kugeuka. Alipeleka makaa ya mawe Genoa au Port Said, akaenda mtupu hadi Odessa, akarudi na ngano. Mwendo wake ulikuwa maili nane kwa saa, tisa akikasirika. Hakuvunja rekodi yoyote. Hakuua mtu pia, na katika kazi hii hilo si jambo dogo.

Wachochea moto wake walikaanga samaki tanuruni juu ya koleo la makaa lililooshwa kwa maji ya moto. Hakuna mke wa South Shields aliyewahi kuwakaanga vizuri hivyo, ingawa hakuna mume aliyethubutu kulisema nyumbani.

Injinia mkuu wake kwa miaka ishirini na miwili alikuwa Mzee Cuthbert Renwick, mtu wa maneno machache na chai nyingi. Kiangazi hiki kampuni iliamua Isabella aende Odessa mara moja zaidi, kisha auzwe. Mzee Renwick angebaki nchi kavu. Mimi ningekwenda kama injinia mkuu, cheo nilichokisubiri miaka tisa. Mke wangu alikwisha kunishonea vifungo vya shaba. Ilibaki sahihi ya mkaguzi.

Sasa niseme tulichokificha. Chini ya boila, sakafuni kabisa, kulikuwa na bamba moja lililoliwa na kutu. Mwaka 1896 lilianza kupitisha maji ya bahari, Mzee Renwick akalifunika kwa kisanduku cha saruji, na juu yake akarundika vyuma vya akiba vya tanuru. Kila meli kuukuu ina rundo la namna hiyo. Mkaguzi haombi lihamishwe, injinia hajitolei kulihamisha, na wote wawili hupanda juu kunywa chai. Isabella alipita ukaguzi mara tatu kwa adabu hiyo.

Safari hii mkaguzi, Bwana Pringle, alikuwa ameshaikunja karatasi yake. Nilikuwa nimekaa juu ya rundo.

"Tulloch," Mzee Renwick akasema, "hamisha hivyo vyuma."

"Vyuma gani, mzee?"

"Hivyo ulivyovikalia."

"Mzee, mkaguzi karidhika. Tusimpotezee muda."

"Nimemdanganya miaka mitatu, yatosha. Hamisha."

Bwana Laidler alikuwa amesimama ngazini. "Renwick, hii ni meli ya mama yangu."

"Naijua, bwana. Ndiyo maana sitaki izame kwenye mawimbi ya Ghuba ya Biscay na watu ishirini na wawili tumboni."

Hapo nikashindwa kujizuia. "Miaka mitatu umesafiri juu ya saruji hiyo. Imefika zamu yangu ndiyo imekuwa mbovu?"

"Nilikuwa nacheza na roho yangu," akasema. "Na yako, na za wenzako. Nilijiambia nikiwemo mwenyewe basi si dhambi. Juzi nimekwenda kuiona. Ina ufa."

Vyuma vikahamishwa, saruji ikavunjwa. Bwana Pringle aligonga bamba mara moja, wala hakutumia nguvu, na nyundo ikazama hadi kwenye mpini. Alipoichomoa, mto Tyne ukaingia. Tuliziba kwa koti lake mwenyewe, na nadhani bado analidai.

Basi Isabella hakwenda Odessa. Atavutwa hadi kwa wakata meli wiki ijayo. Hakuna kampuni iliyonipa cheo kingine, na kwa wiki mbili nilipishana na Mzee Renwick barabarani bila kumsalimu. Nilikuwa na hasira kweli, na sioni sababu ya kuificha katika karatasi hii.

Watu ishirini na mmoja ambao wangesafiri nami kwenda Odessa Jumatatu iliyofuata ukaguzi ule wako ukumbini leo. Mtawatambua: wameketi karibu na nyama.

Isabella, ahsante kwa kutubeba hata ulipokuwa huwezi. Tunakutakia mapumziko mema, na chuma chako kiwe masufuria katika nyumba zenye amani.

Na wewe, Mzee Renwick, naomba radhi kwa salamu nilizokunyima. Kutoka hapa hadi Biscay ni mwendo wa siku tano. Ningekuwa injinia mkuu kwa siku tano. Ahsante kwa kunikosesha cheo, na uishi miaka mingi ya kukaa bure.

Jabez Tulloch
Injinia wa pili