Asilimia Sabini na Moja

Mambo yalianza Jumanne, saa kumi na dakika ishirini alasiri, pale Mwalimu aliporudi kutoka kwenye kikao cha walimu na kuikuta kompyuta yake imevaa bluu tupu. Ilikuwa palepale alipoiacha mchana, kwenye meza ndogo ndani ya saluni ya Wembe, kwa kuwa soketi ya chumba chake cha ghorofani ilikuwa imeungua na betri ya kompyuta ilishakufa zamani. Bila waya haina uhai. Nje ya saluni lipo benchi ambalo mguu wake mmoja ni tofali, na hapo walikuwa wamekaa wenyewe: Breki, dereva mstaafu wa malori, Sekunde, fundi saa ambaye saa yake ya mkononi haijawahi kukubaliana na ya mtu, na Wembe, kinyozi, ambaye hukaa nje mpaka mteja aje. Mama Birika alikuwa akiwamiminia kahawa. Umeme wa pale wote hutoka kwenye ekstensheni ya Wembe, yenye tundu moja tu lililobaki zima, na sheria ya kijiwe ni fupi: mwenye mteja ndiye mwenye tundu.

Mwalimu alitoka nje ameikumbatia kompyuta, waya wake ukimfuata sakafuni kama mkia.

— Kuna mtu ameigusa kompyuta yangu?

— Kompyuta? — Wembe akaweka mkono kifuani. — Haijaguswa, dada yangu. Naapa. Hata vumbi halikutua.

— Inasema faili la mfumo halipo, au limeharibika. Haiwaki. Nimeizima, nimeiwasha, inarudi hapohapo.

— Na ndani mna nini? — akauliza Mama Birika.

— Ratiba ya shule nzima.

Breki akavua kofia, kwa adabu. Wote walijua habari za ratiba hiyo. Mwalimu alikuwa bado kwenye majaribio pale shuleni, na mkuu wa shule alikuwa amemkabidhi kazi ambayo walimu wakongwe waliikimbia kama nyuki: kupanga vipindi vya muhula mpya, mwalimu asigongane na mwalimu, darasa lisikose mtu, na yule wa hesabu asipewe kipindi cha mwisho Ijumaa maana hulala. Alikuwa ameipanga, akaipangua, akaipanga tena mpaka anaiona usingizini. Ilitakiwa ubaoni kesho asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza.

— Sasa mwanangu, msomi kama wewe, huna nakala? — akauliza Breki.

— Ninazo saba.

— Basi kilio cha nini?

— Zote zimo humu.

Sekunde alipaliwa na kahawa. Breki akampiga mgongoni bila kumtazama, kwa mazoea, kama mtu anayefunga mlango wa gari bovu.

— Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, — alisema Sekunde alipopata pumzi. — Yako imepotea kwa habari, tena mara saba. Hiyo ni hatua.

Mwalimu aliketi kwenye ncha ya benchi. Kwenye mkoba wake kulikuwa na flashi ya matengenezo aliyotembea nayo tangu chuo, kama watu wengine wanavyotembea na dawa ya kichwa. Angeweza kuichomeka saa hiyo hiyo. Lakini kilichomfunga mikono ni hiki: alikuwa hajui ugonjwa. Kama ni mafaili tu yameharibika, flashi ingeyatengeneza. Kama ni diski yenyewe inakata roho, kuisumbua ni kuimalizia, na ratiba zingekwenda nayo kaburini, zote saba. Lazima ajue kwanza kilichotokea.

— Mimi nitakwambia kilichotokea, — alisema Breki, akijiweka sawa. — Injini imelewa mafuta. Umeiwasha, umeizima, umeiwasha. Lori langu la kwanza lilikuwa hivyo. Dawa yake ni kulisukuma kwenye mteremko, likichangamka unatia gia.

— Mzee Breki, haina magurudumu.

— Ndiyo maana nasema ni kazi ngumu. Lakini mchumia juani hulia kivulini.

— Hulia kwa maana ya kula, mzee, — alisema Mwalimu, ambaye hawezi kuliacha jambo kama hilo lipite hata nyumba ikiwaka moto.

— Kula, kulia, mradi kivuli kipo.

— Mwache mzee wa mafuta, — Sekunde akaingilia, miwani yake ya kukuzia vipuri vya saa ikiwa bado imebana jicho moja. — Kila mashine ina saa ndani yake. Hiyo saa imesimama. Sasa kompyuta inaamini tuko mwaka mwingine, nyuma huko, kabla Mwalimu hajazaliwa. Unaibonyeza, inajiuliza: huyu ni nani? Simjui. Mtoto wa nani? Inakaa kimya. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Kwa hiyo inasubiri nikue?

— Ungekuwa na subira ungeona.

Mama Birika alicheka mpaka kifuniko cha birika kikacheza. Mwalimu naye midomo ilimtetemeka, nusu kicheko, nusu machozi. Aliona kwamba Wembe peke yake hacheki. Alikuwa akikisugua kikombe chake kwa kidole, akikitazama kama kina maandishi ndani.

— Na wewe kaka Wembe? Leo huna maoni?

— Mimi? — Wembe akainuka, akaketi, kisha maneno yakamtoka kama bomba lililopasuka. — Mimi nasema ni hujuma. Mwalimu wa hesabu! Hataki kufundisha, anataka kulala Jumatatu mpaka Ijumaa. Ametuma kitu hewani. Siku hizi vinapita hewani, kwenye madirisha, kwenye feni. Ulipoondoka tu feni yangu ililia vibaya. Niliisikia! Kikaingia, kikatafuta faili moja laini laini, kikalitafuna. Kikulacho ki nguoni mwako, Mwalimu. Chunguza watu walio karibu nawe.

— Naam, — Breki akasema, akiangalia juu. — Walio karibu sana.

— Karibu kama kutoka kiti cha kunyolea mpaka ukutani, — Sekunde akaongeza.

Mwalimu akawatazama mmoja mmoja. Wote watatu walikuwa wamegundua, kwa pamoja, kwamba vikombe vyao vinahitaji kutazamwa.

Ndipo akatokea kijana mmoja mtanashati, kichwa kimenyolewa safi upande mmoja, na upande wa pili kuna kishungi cha nywele nyuma ya sikio, kama nyasi zilizokwepa fyekeo.

— Kinyozi, mchana ulinisahau hapa. Kazini wamenicheka mpaka bosi katoka ofisini.

— Ingia, ingia kaka, tumalize! — Wembe alikurupuka kama aliyeokolewa mtoni.

Lakini kijana alikuwa ameiona kompyuta mapajani kwa Mwalimu. Uso ukamchangamka.

— Aa, si ndiyo hii? Nilikuwa naitazama nikisubiri zamu yangu. Iliandika kwamba inajisasisha, isizimwe kwa hali yoyote, na namba zinapanda. Nilipoitwa kwenye kiti ilikuwa asilimia sabini na moja. Eti, ilifika mia?

Breki alikohoa kikohozi cha uongo. Sekunde aliishusha miwani yake ya kukuzia, akaiweka tena. Mama Birika akaliinamisha birika juu ya kikombe cha Wembe. Likatoa matone mawili na pumzi.

— Kahawa imeisha, — alisema taratibu. — Na uongo nao umeisha.

— Uliuliza nani kaigusa kompyuta, — Wembe akasema kwa sauti ndogo. — Kompyuta sikuigusa, dada. Niligusa waya. Nilikuwa na mteja. Nilipomaliza nikaurudisha, na Mungu ni shahidi, niliurudisha vizuri.

Kila mtu alingoja radi. Badala yake Mwalimu alisimama kwa furaha.

— Umeichomoa ikiwa katikati ya kubadilisha mafaili yake! Ya zamani imeyatoa, mapya haijamaliza kuyaweka. Basi haiumwi diski! Imekatizwa tu! Kaka Wembe, ungesema tangu mwanzo ningekubusu!

— Nisamehe bila hiyo, — alisema Wembe, akimtazama mkewe aliyekuwa dirishani ng'ambo ya barabara.

Jioni hiyo sheria ya kijiwe ilivunjwa kwa mara ya kwanza. Mwalimu alichomeka flashi, akaiwasha kompyuta kupitia hiyo, akachagua kutengeneza, akaiamuru ikague mafaili ya mfumo moja baada ya jingine na kuyarudisha yaliyoharibika. Wembe aliketi sakafuni, mgongo ukutani, akiushika waya pale kwenye tundu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Kijana wa kishungi aliketi kitini na shuka shingoni, hana wa kumnyoa, akisoma namba kwa sauti ili wa nje wasikie. Sabini ilipopita, Breki alisimama. Ilipofika sabini na moja, hata Sekunde aliacha kupumua. Sabini na mbili ikaja. Nje walipiga makofi.

Ilipofika mia, Mwalimu aliitoa flashi na kuizima kompyuta, kisha akaiwasha. Bluu haikurudi. Ratiba zilikuwemo, zote saba, zimejipanga kama watoto kwenye mstari. Usiku huohuo akazisambaza: moja kwenye flashi, moja kwenye simu ya dada yake, moja akajitumia mwenyewe kwa barua pepe.

Asubuhi ya Jumatano aliteremka ngazi mapema, flashi ya kwenda kuchapisha ratiba ikiwa shingoni na kamba yake. Saluni ilikuwa imeshafunguliwa. Breki alikuwa kitini, mashine ikiunguruma juu ya utosi wake, nusu ya kichwa mvi, nusu inang'aa. Sekunde alikuwa akingoja zamu.

— Hamjambo?

— Hatujambo, Mwalimu wetu!

Mwalimu akainama ukutani, akaushika waya wa mashine, akauchomoa. Mashine ikazima utosini kwa Breki. Akajinyoosha, akakunja mikono, akamtazama Wembe kama anavyomtazama mwanafunzi aliyechelewa.

— Kaka Wembe, ulikuwa umefika asilimia ngapi?

— Hamsini, mwanangu! — Breki alipiga kelele kutoka chini ya shuka. — Hamsini tu, na hazirudi nyuma!

Mwalimu akauchomeka tena, akaondoka kwenda shule akicheka peke yake barabarani.