Kidole Tumbo cha Supu

Kahawa yangu naichemshia hapa Huruma, kando ya kinyozi, na wanaoinywa ni walewale: Waya, fundi wa redio, Jaji, ambaye hajawahi kuingia kortini lakini anahukumu kila mtu, na Supu, jina lake Wabwire, mchinjaji wa mbuzi kule Kiamaiko. Supu alikuwa amepotea miezi mingi. Tumbo lilimvimba, tukamcheka eti ni kitambi cha mchuzi, kumbe ni saratani ya kidole tumbo. Leo asubuhi karudi, amekonda, suruali kaifunga kwa kamba. Mimi Mama Hirad silii ovyo, lakini nililia mpaka kahawa ikafurika kikombe. Alhamdulillahi!

WAYA: Supu, niaje! Si tulikuwa tushaanza kukuchangia jeneza, msee!

SUPU: Asanteni kwa roho safi.

JAJI: Hebu eleza. Kidole kinafanya nini ndani ya tumbo?

SUPU: Hata mimi nilibishana na daktari. Nimepasua mbuzi maisha yangu yote, sijawahi kuona kitu kama hicho. Nikamwambia, "Daktari, umekosea, hiyo nyama haiko." Nikatoka wodini, nikarudi kuchinja.

JAJI: Ulisema ukweli! Mbuzi hana!

SUPU: Mbuzi hana, Jaji. Mimi ninacho. Ujinga wangu ulitaka kunizika. Daktari Ayuma alinipigia simu yeye mwenyewe, akanibembeleza mpaka nikarudi. Akanipasua kutwa nzima, akakomba ute wote wa ugonjwa, kisha akaniosha ndani na dawa ya moto.

WAYA: Ndio maana wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

"Wewe nyamaza," nikamkata. "Mtu ameoshwa akapona, unatuletea pombe asubuhi yote hii?"

Supu akaweka simu yake juu ya benchi, uso ukabadilika. Alisema daktari atapiga muda si mrefu, anataka jibu. Anatafiti hizi saratani za tumbo, na anaomba abaki na kipande cha ule uvimbe aliomtoa. Lakini mama yake Supu, huko Busia, ameshasema: chochote kilichotoka kwa mwanangu kizikwe nyumbani.

WAYA: Usipeane! Wanaweka kwa friji. Siku stima ikizidi nguvu, kinaamka!

JAJI: Hiyo ni kidogo. Watakipanda kwa chupa, kiote Wabwire mwingine. Huyo Wabwire wa chupa ataenda Busia kudai shamba, na korti itampa. Mwenye nguvu mpishe!

WAYA: Aki, na Millicent mkewe atampikia nani ugali sasa?

JAJI: Wote wawili. Sheria ni sheria.

Nilicheka, siwezi kukataa. Supu hakucheka.

SUPU: Huyo daktari alikuja wodini Jumapili, siku yake ya kanisa, akanishika mkono kama dadangu. Leo nimwambie hapana kwa mdomo gani? Na mama naye nimvunje moyo?

Kulikuwa na mama mmoja tusiyemjua, amesimama na thamosi, anangoja nimjazie.

— Samahani, akasema, nimewasikia. Huyo daktari alijuaje kuosha tumbo hivyo?

— Si amesoma! Jaji akamjibu kwa madaha.

— Amesoma kwa nani?

— Kwa walimu. Kwa vitabu.

— Sawa, baba. Na hao wenye vitabu walijifunzia kwa tumbo la nani?

Supu akajishika tumbo, pale kwenye mshono, na macho yakamjaa machozi. Simu ikalia.

"Haloo, daktari. Ndiyo, mimi Wabwire. Kaa nacho, nimekubali. Mama nitaenda nimweleze mwenyewe, anione mzima." Akajipangusa machozi kwa mkono wa shati. "Lakini daktari, yule aliyekupa chake kabla yangu, ana watu? Waambie wamenisaidia. Waambie Wabwire wa Kiamaiko anasema asante."