Jengo Limepata Uhamisho

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu la mbao, limeegemezwa kwenye ukuta wa kinyozi, likitazamana na makao makuu ya reli ng'ambo ya barabara. Ukikaa hapo huna pa kupeleka macho ila kwenye jengo: ghorofa za mawe, ngazi pana za kupandia mlangoni, na juu ya paa bomba la moshi ambalo halijatoa moshi tangu wazee wa kijiweni walipokuwa wanatambaa. Asubuhi hiyo malori yalikuwa yameegeshwa mbele ya ngazi na wapagazi wanatoa meza, makabati na viti vya mabosi. Serikali imeamua reli ihamishie makao yake mji mwingine, mbali, na hapo kijiweni hakuna aliyeweza kumeza kwamba jambo zito namna hiyo linafanyika bila wao kuulizwa.

Gadi alikaa mwisho wa benchi, mahali pake pa siku zote. Wanamwita Gadi kwa sababu ndiyo kazi aliyostaafia, ya kusafiri kwenye behewa la mwisho la treni za mizigo na kuhakikisha kilichofungwa mbele kinafika chote. Kahawa yake ilikuwa imepoa haijaguswa. Binti yake, mtoto wake wa pekee, ni karani humo ndani, na leo anahama na ofisi. Juzi alimwambia baba yake neno moja: twende wote. Chumba kipo, na mbele kwenye lori la mwisho kuna nafasi yake. Akaongeza kwamba yeye hataki kukaa mbali akisubiri habari za baba yake kwa kusikia kwa watu. Gadi akajibu kwamba atafikiri, na alichofikiri tangu siku hiyo hakijui hata mwenyewe.

Aliyeanza mabishano ni Hakimu, fundi viatu, ambaye hajawahi kukanyaga mahakamani lakini hukumu haimpigi chenga.

— Kosa ni la ramani, alisema huku akivuta uzi. Waliolijenga walitumiwa ramani ya nchi ya baridi. Bomba la moshi lile mnadhani la kazi gani? Kila chumba cha bosi humo kina mahali pa kuotea moto.

— Kwa joto hili? aliuliza Dokta, muuza kahawa, aliyepewa jina hilo kwa kudai kwamba kahawa yake inatibu kila kitu isipokuwa deni.

— Ndiyo nakwambia. Na letu wakalijenga huko kwenye baridi. Watu wako kwenye veranda wanatetemeka mpaka leo. Sasa mwenye ramani kaja kudai.

Redio akatoka na taulo begani. Huyu ndiye kinyozi, na jina lake halihitaji maelezo kwa mtu aliyewahi kunyolewa naye. Alisema Hakimu amelala usingizi wa pono. Bomba lile si la kuotea moto. Chini ya jengo kuna kichwa cha treni kizima, cha makaa, kilichoshindwa kupanda kilima siku ya kwanza ya reli. Wenye reli wakaona haya, wakakijengea nyumba juu yake, wakaiita makao makuu.

— Mkikaa kimya mnasikia sakafu ya barabara inanguruma.

— Hiyo ni jenereta ya benki, alisema Dokta.

— Jenereta waliileta baadaye, kufunika. Mtaka cha mvunguni huinama, bwana. Ninyi mnataka kuelewa mmekaa wima.

Dokta akasema yeye hajali kilicho chini. Anachotaka kujua ni kazi ya jengo lenyewe, maana miaka yote amemimina kahawa mbele yake na hajawahi kuona treni ikipita hapo hata ya kupotea njia. Stesheni iko kule bondeni. Sasa hawa humo walikuwa wanafanya nini?

Wote wakamgeukia Gadi. Alijibu bila kutaka, halafu akajikuta amenogewa. Akawaeleza habari ya chumba cha simu, ambamo mtu mmoja mwenye visikizio masikioni alijua kila treni ya nchi iko wapi saa ile, hata iliyosimama porini kungoja ng'ombe wavuke. Akawaeleza pia habari ya chumba cha pili yake, ambacho watumishi walikiogopa kuliko ajali, kwa kuwa humo ndimo ilimoamuliwa nani akalale wapi. Jina likitoka, ulipewa behewa moja, ukapakia kitanda, kuku, mke na mtoto, ukaenda. Uhamisho hauulizi kama una mimba au una msiba. Wenzako waliobaki walitega fataki kwenye reli, treni ikipita juu yake zikalia pa, pa, pa, ndiyo kwaheri ya watu wa reli. Binti yake alikuwa analia kila safari, si kwa mshindo, bali kwa marafiki aliowaacha.

— Nililiapia jengo hili, alisema Gadi. Nikistaafu hakuna wa kunihamisha tena. Na leo limepata uhamisho lenyewe.

Wakacheka sana. Dokta alilazimika kuliweka birika chini.

— Tena halikupewa behewa, alisema Hakimu. Reli inahama kwa lori. Hilo hata kwangu halina kifungu.

Redio hakupenda kuachwa nyuma, akaupandisha uongo wake ghorofa nyingine. Alisema kuhama kwenyewe ni hatari kwa taifa. Jengo lile ndilo breki. Kila faili lililomo linashikilia behewa moja mahali fulani nchini, na wakishamaliza kupakia, treni zote zitaanza kuteremka zenyewe, bila dereva, mpaka ardhi iishe.

— Haba na haba hujaza kibaba, alimaliza, na hakuna aliyeelewa kibaba kimeingiaje. Lazima abaki mtu humo ndani. Tena mtu mzito.

Wakaliangalia tumbo la Dokta.

— Kweli, alisema Gadi. Lazima mtu abaki.

Hakucheka aliposema hivyo, na kicheko cha wengine kikaisha taratibu. Hakimu akaweka kiatu pembeni, akamuuliza abaki kwa ajili gani.

Gadi alisogeza pembeni kikombe chake cha kahawa iliyopoa. Kisha akasimulia habari ambayo sehemu yake waliijua na sehemu hawakuijua. Mwaka wa mafuriko daraja lilichukuliwa na maji, na treni yake ilikuwa imeshavuka. Nyaya za simu zilianguka. Huku mjini wake wa watumishi walikuja kusimama kwenye zile ngazi, kwa sababu habari yoyote ingetokea mlango ule. Mkewe alisimama nao, binti yao amemshika mkono. Walinyeshewa, wakakaukia pale pale, mpaka afisa mmoja akatoka kusoma majina ya waliopatikana. La Gadi lilisomwa karibu na mwisho. Mkewe hakuwahi kumlaumu kwa siku zile. Alikuwa anasema tu, kwa utani, kwamba mawe ya ngazi zile anayajua kuliko mawe ya jikoni kwake. Sasa amezikwa mji huu huu.

— Nikiondoka, alisema Gadi, nani ataziangalia ngazi zake?

Hakimu ndiye aliyejibu, tena kwa upole ambao hakuna aliyejua kwamba anao.

— Mkeo hakuwa anasubiri ngazi, ndugu yangu. Alikuwa anakusubiri wewe.

Gadi akakasirika. Alimwambia Hakimu ashike viatu vyake, mambo ya ndoa ya watu ayaache. Ng'ambo, lori moja likaondoka, jingine likafungwa turubai. Wapagazi walikaa kivulini kupumzika. Binti wa Gadi, aliyekuwa akipanda na kushuka tangu asubuhi, hakuwa na kazi iliyobaki. Akaketi kwenye ngazi, mkoba mapajani. Hakutazama upande wa benchi. Alishamwambia baba yake alilokuwa nalo, na si mtu wa kurudia.

Dereva wa lori hilo la mwisho akavuka barabara kuja kutafuta kahawa. Alikuwa kijana mgeni, hajulikani na yeyote pale.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba.

Akanywa amesimama. Akasema mzigo umefungwa vizuri, safari ni ndefu na yeye anapenda milima aivuke kungali na mwanga, lakini yule dada pale amemkataza kuwasha gari. Kamuuliza sababu, hajibu, anamwambia subiri tu.

— Labda ninyi mnajua, alisema. Kwani tunamsubiri nani?

Redio alianza kukung'uta taulo lisilo na nywele. Hakimu alitafuta uzi aliokuwa ameushika. Dokta aliinua birika, akalitikisa, ingawa alijua fika kwamba kahawa bado imo.

Gadi aliangalia ng'ambo. Mwanamke ameketi kwenye ngazi za reli, anasubiri, na alivyokaza shingo ni mama yake mtupu. Mwaka ule Gadi alikuwa na udhuru, daraja lilikuwa limekatika. Leo kati yake na zile ngazi palikuwa na barabara tu, na magari yenyewe hayakuwa mengi.

— Mimi, alisema, akainuka.