Chupa Aliyokataa Kuimwaga

Kila asubuhi, kabla ya chai, Marehemu Mama Scholastika Agustino Kobelo aling'oa mche mmoja wa maharage nyuma ya nyumba, akapasua kinundu cha mzizi kwa ukucha na kutazama ndani. Kikiwa chekundu alisema, "Wako kazini." Kikiwa cheupe alisema, "Leo hapana," akaenda kunywa chai yake.

Alizaliwa tarehe 14 Juni 1957 huko Nyandira, Mgeta, mtoto wa tatu wa Mzee Agustino Kobelo na Mama Veronika, wakulima wa njegere na kabichi. Alimaliza darasa la saba katika shule ya misheni mwaka 1971, kidato cha nne mwaka 1975, na mafunzo ya ufundi wa maabara mwaka 1979.

Kuanzia mwaka 1980 hadi alipostaafu mwaka 2017 alikuwa fundi wa maabara ya udongo mjini Morogoro. Alitunza bakteria ambao, kama wale wa kwenye vinundu vya maharage, huchukua nitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa amonia, ambayo hatimaye hulisha mimea. Kazi hiyo hula nguvu nyingi, kwa hiyo bakteria hao wakiikuta amonia tayari, hukifunga kimeng'enya, yaani kichocheo kinachoifanya kazi hiyo. Hawakivunji. Amonia ikiisha, hukifungua tena.

Mwaka 1981, kabla hajathibitishwa kazini, Marehemu alikuwa hajayasikia hayo. Kwa makosa alitia chumvi ya amonia katika chupa ya bakteria waliotunzwa miezi saba. Mashine ya kupimia gesi, iliyoonyesha kama wanafanya kazi, ikasoma sifuri.

"Umewaua, binti," msimamizi wake alimwambia. "Mwaga, halafu uandike barua ya kujieleza."

Alijua kibarua kinaota nyasi. Barua aliiandika, ila chupa hakuimwaga. Aliipima asubuhi, mchana na jioni. Mwenzake wa maabara, Mama Mwaisha, mtani wake wa Kinyamwezi, alimcheka: "Mluguru wewe! Unawakalia matanga vijidudu? Zika, tule ubwabwa!"

"Kaa na njaa yako, mtani. Maiti wangu hajanuka."

Siku ya tatu mshale wa mashine ulipanda. Tarehe 1 Julai mwaka huo alithibitishwa kazini.

Tarehe 25 Agosti 1984 alifunga ndoa na Mwalimu Ezekiel Banzi, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2009. Walijaliwa watoto wawili, Irene na Baraka. Alimlea pia mpwa wake anayesoma wasifu huu, aliyefika kwake akiwa na miaka sita na maneno machache, na hakumlazimisha hata siku moja kuongea.

Machi 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa ini. Daktari alimweleza kuwa ini lake halimudu tena kuondoa amonia kwenye damu, na ndiyo sababu anasinzia na kupotewa na maneno. Marehemu alitabasamu. "Amonia tena! Hii inanifuata tangu usichana."

Mara tatu alizama katika usingizi mzito, na mara tatu dawa zilimrudisha. Alipolala tena tarehe 9 Februari 2025, familia ilikaa kando ya kitanda ikingoja aamke, na mpwa wake akaleta mche wa maharage kutoka nyuma ya nyumba. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Februari, saa tatu asubuhi.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, mdogo wake Kasimiri, mpwa wake, na Mama Mwaisha, aliyeingia msibani jana akilia na kudai ubwabwa wake wa mwaka 1981. Bwana ampokee na ampe pumziko jema.

Januari mwaka huu, alipoamka mara ya tatu, mpwa wake alimuuliza swali alilokuwa nalo tangu utotoni: "Mama mkubwa, ulijuaje kwamba hawajafa?"

"Sikujua, mwanangu. Nilisubiri tu."