Mama Rudisha na Magari Mia Tatu na Kumi na Nane

Ndugu mliokuja kumsindikiza, majirani, wafanyakazi wenzake wa zamani, na ninyi mliosimama ukutani kwa sababu viti vimekwisha, mimi ni mdogo wake marehemu, tumeachiana ziwa, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, kazi ambayo niliikataa mara mbili, na sababu ya kuikataa mtaisikia humu humu ndani.

Dada yetu alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa baba yetu, aliyekuwa seremala katika karakana ya mabehewa, na mama yetu, mshonaji wa mashuka ya hospitali, ambaye alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alianza kuuliza "kwa nini" kabla hajaota meno, na kwamba tangu hapo hakupumzika yeye wala aliyeulizwa.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia Januari 1968 hadi Desemba 1974, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi mwaka 1978, kisha akajiunga na chuo cha uhazili, ambako alihitimu tarehe 28 Novemba 1980, wa kwanza kwa kupiga chapa na wa mwisho kwa hati mkato, jambo ambalo hakulificha, alisema yeye hajui kufupisha, na sisi tuliokaa naye mezani tunathibitisha.

Tarehe 1 Agosti 1981 aliajiriwa na kampuni moja ya kuuza magari, kama mpokea simu, akakaa kwenye kichumba cha kioo kando ya ukumbi wa maonyesho, na kwa miaka kumi na mitano sauti ya kampuni ile ilikuwa sauti yake, mpaka mwaka 1996 alipohamishiwa dawati la kumbukumbu za wateja, ambako alitunza kadi ya kila gari lililouzwa, namba ya chesisi, jina la mnunuzi, mahali anapoishi na simu yake, na nyingi ya namba hizo alizijua kwa moyo, hata tulipokuwa na shida ya kumpata mtu, tulimuuliza yeye kabla ya kutafuta daftari.

Huko huko kazini alikutana na shemeji yetu, huyu aliyeketi mbele, aliyekuwa mtunza stoo ya spea, na ni shemeji mwenyewe aliyetusimulia kwamba kwa miezi mitatu dada alikuwa akishuka stoo kila siku kuulizia spea ambazo hakuna mteja aliyeziagiza, hadi siku moja akamwambia, "Dada, hii ni mara ya nne unaulizia kioo cha kushoto, sema tu unamtaka mwenye stoo," nao wakafunga ndoa Jumamosi tarehe 19 Desemba 1987, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1989, ambaye ni mwalimu, na wa kiume aliyezaliwa tarehe 30 Septemba 1992, ambaye ni mchomeleaji, na wajukuu watatu.

Sasa ninafika mwaka 2009, na naomba mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo maisha ya dada yalipokatika vipande viwili.

Jumatano tarehe 3 Juni 2009 ilifika barua kutoka kwa watengenezaji wa magari, ikisema kwamba aina moja ya gari dogo la mizigo ina kasoro, swichi ndogo iliyo juu ya pedali ya breki inaungua ndani kwa ndani, na ikishaungua taa za breki haziwaki, wala ile taa ya onyo iliyowekwa kwenye dashibodi kumjulisha dereva haiwaki, kwa hiyo dereva anakanyaga breki, gari linasimama vizuri kabisa, yeye hana habari, lakini aliye nyuma yake haoni kitu, na barua ikaagiza magari yote ya aina hiyo yaitwe yarudi gereji yabadilishiwe swichi, na dada alipofungua kabati lake akahesabu kadi mia tatu na kumi na nane.

Alizipanga mezani, akanyanyua simu, na meneja wa huduma akaja kuweka mkono juu ya simu, akamwambia, "Swichi hazijafika, zitafika mwisho wa Agosti, ukiwapigia leo kesho wamejaa getini, nami nitawapa nini, maneno?" naye dada akamjibu kwamba hata maneno yanatosha, kwamba mtu akiambiwa amsimamishe jirani nyuma ya gari kila asubuhi, akanyage breki, jirani aangalie kama taa zimewaka, hilo halihitaji spea, na meneja akasema, "Subiri nitakapokwambia."

Jioni ile dada alikuja kwangu, na kwangu ni neno tu, kwa sababu wakati huo mimi nilikuwa sina kazi mwaka wa pili, nilikuwa nakaa chumba cha uani nyumbani kwake, na mke wangu na watoto wanne, akasimama mlangoni bila kuvua viatu, akanieleza yote, akaniuliza, "Wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Ndugu zangu, nilimwambia, "Dada, mdomo huponza kichwa, mkubwa amesema subiri, na wewe subiri, funika kombe mwanaharamu apite, ukifukuzwa tunalala nje sote," nikasema hivyo huku nikiangalia vitanda vya wanangu, sikuwa nayafikiria magari, sikuwa namfikiria hata yeye, naye akasema, "Haya," akaenda kupika.

Alinyamaza wiki tatu, na shemeji anasema katika wiki hizo alikuwa akitembea barabarani akiangalia matako ya magari, akiona gari la aina ile linapunguza mwendo anasimama, anakaza macho, na taa zikiwaka anasema "huyu bado," na zisipowaka anakimbia kumwita dereva, na mara mbili alifanikiwa kuwasimamisha, na mara moja dereva alimtukana akidhani ni kichaa.

Jumatano tarehe 24 Juni, saa moja kasoro robo asubuhi, kulikuwa na manyunyu, mama mmoja mwokaji mikate, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, mama wa watoto wawili, alikuwa akipeleka mikate madukani kwa gari lake dogo la mizigo, akafika kwenye kivuko cha watembea kwa miguu karibu na soko, akasimama kuwapisha watu, na lori la mchanga lililokuwa nyuma yake halikusimama, na mama yule alifia pale pale, na dereva wa lori alipotolewa ndani ya kebini, neno alilolirudia mbele ya polisi na mbele ya watu lilikuwa moja, "Sikuona taa, jamani, sikuona taa."

Habari zilifika kazini kabla ya saa nne, na dada hakuhitaji kuuliza zaidi ya namba ya gari, akaenda kabatini, akatoa kadi, ilikuwa ya sitini na moja, namba ya simu ya mama yule ikiwa imeandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe, akaiweka mezani mbele yake, akaanza kupiga simu.

Alipiga siku ile hadi ofisi ilipofungwa, akapiga kesho yake na kesho kutwa, bila ruhusa ya mtu, na ndipo alipopewa jina la Mama Rudisha, kwa maana wengi walidhani kampuni inataka kuwanyang'anya magari, mmoja akamwambia, "Mama, gari langu nililipata kwa jasho, silirudishi hata aje rais," mwingine akamwita tapeli, na mwenye bucha mmoja, aliposikia kwamba Mama Rudisha anakuja kwa miguu, alilificha gari nyuma ya banda la kuku na kulifunika kwa magunia, naye dada akakaa kwenye benchi la bucha tangu asubuhi hadi kuku wenyewe walipolifunua.

Tarehe 6 Julai alisimamishwa kazi, alipokuwa ameshawapata watu tisini na sita, na tarehe 31 Julai akaachishwa, miaka ishirini na minane kasoro siku moja tangu aanze, akaondoka na mkoba wake na daftari alilokuwa amenakili kadi zote kwa mkono, na wito rasmi wa kampuni ulitoka gazetini tarehe 2 Septemba, kwenye kona ya ukurasa wa kumi na nne, chini ya tangazo la mnada wa viti.

Dereva wa lori alikuwa rumande muda wote huo, akishtakiwa kwa uzembe, na Jumanne tarehe 16 Machi 2010 dada alikwenda mahakamani bila kulazimishwa na mtu, akatoa nakala ya ile barua ya tarehe 3 Juni, akaeleza swichi ni nini na inaungua vipi, na alipoulizwa kama kampuni ilijua, akasema, "Ilijua, na mimi nilijua," na wiki mbili baadaye dereva yule aliachiwa huru, mama yake akaja nyumbani kushukuru, akapiga magoti sebuleni, na dada akakimbilia chumbani akajifungia, ikabidi shemeji ampokee mgeni.

Siku ile ya mahakama, mume wa yule mwokaji alikuwemo ukumbini, na nje, kwenye ngazi, nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao, alimuuliza dada, "Ulijua tangu lini?" dada akasema, "Tangu tarehe tatu," akauliza tena, "Na simu yetu ulikuwa nayo?" dada akasema, "Nilikuwa nayo," naye akaitazama kofia yake, akaivaa, akashuka ngazi, na mpaka dada anafariki hakuwahi kusema naye neno tena, na hatumlaumu.

Mimi nilikuwepo pale, nilikuwa na mdomo, na sikuufungua.

Baada ya hapo dada alifungua kibanda cha kupiga chapa na kunakili karatasi jirani na posta, akafanya kazi hiyo tangu Oktoba 2010 hadi mwaka 2020, na kila Jumapili yeye na shemeji walitoka na daftari, kwa sababu magari yalikuwa yameshauzwa na kuuzwa tena, na waliokubali kuwafungulia mlango waliwaona wazee wawili wakifanya kazi moja, shemeji amekaa kwenye usukani akikanyaga breki, dada amesimama nyuma ya gari akipiga kelele, "Kanyaga! Bado! Kanyaga tena!" na watoto wa mitaani wakiitikia "bado!" pamoja naye, na zisipowaka shemeji anafungua swichi na kuweka nyingine aliyokuja nayo mfukoni.

Mwaka 2014, tarehe 9 Oktoba, kamati ya usalama barabarani ilimpa cheti, akakipokea kwa adabu, akakitia kabatini chini ya mashuka, na hata leo wanaotaka kukiona itabidi wafukunyue.

Kati ya magari mia tatu na kumi na nane alithibitisha mia tatu na moja, mengine yalikuwa yameshakatwa chuma chakavu, na mengine hakuyapata kabisa.

Alianza kuumwa figo mwezi Novemba 2020, na tangu tarehe 18 Januari 2021 akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, akazoeleka wodini kuliko baadhi ya wauguzi, na daktari wake atanisamehe nikisema kwamba swali la kwanza alilomuuliza halikuhusu figo, alimuuliza, "Gari lako ni la mwaka gani?"

Mwezi uliopita, binti yake alipomsomea karatasi ya historia hii, kwa kuwa dada alitaka aisikie akiwa hai, alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mbona wiki tatu hamkuziandika?" na mimi niliyekuwa nimekaa pembeni ya kitanda nikamwambia, "Dada, zile ni zangu, si zako, mimi ndiye niliyekufunga mdomo, nisamehe," akanishika mkono, mkono wake ukiwa baridi kama bomba, akasema taratibu, "Ushauri ulikuwa wako, lakini simu ilikuwa mezani kwangu, andikeni zangu, za kwako utaamua mwenyewe."

Nimeamua, na mmezisikia, nilitegemea nikizisema mbele yenu kifua kitakuwa chepesi, na ninawaambia kweli, hakijawa.

Dada yetu alifariki Jumamosi tarehe 11 Februari 2023, saa tano asubuhi, mumewe akiwa amemwegemeza begani, akiwa na umri wa miaka sitini na moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliomhudumia miaka miwili bila kuchoka na maswali yake, inawashukuru majirani wa pande zote mbili za ukuta, waliopika, waliobeba maji na waliolala nasi sakafuni, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa zamani, hasa wawili ambao hawataki nionyeshe walipoketi, waliokuwa wakimpenyezea anwani mpya za wateja wakati kufanya hivyo kulikuwa hatari kwao, na inawashukuru wenye magari wote waliomfungulia mlango, pamoja na wale waliomfungia kwanza wakamfungulia baadaye.

Na wewe shemeji, asante kwa Jumapili zote zile.

Dada yangu, pumzika sasa kwa ile amani ambayo sisi, na mimi wa kwanza, tulikunyima ulipokuwa ukiitafuta kwetu.