Saulo Mwandemele, Dereva wa Lori Lililokuwa Lake

Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na mdogo wa marehemu, Mwalimu Abrahamu Mwandemele, Masoko, Rungwe, Alhamisi tarehe 13 Agosti 1959

Kaka yetu Saulo Andendekisye Mwandemele alizaliwa hapa Masoko mwaka 1912. Tarehe yenyewe hakuna aliyeiandika. Kitabu cha kanisa kinaonyesha kwamba alibatizwa Jumapili tarehe 8 Septemba mwaka huohuo, na mama anasema siku hiyo alikuwa ameshaanza kukaa mwenyewe, kwa hiyo tumekubaliana kuandika mwezi wa Februari. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu baba yetu Andendekisye na mama yetu Atuganile, ambaye yuko nasi hapa na ameniomba nisome polepole.

Marehemu alianza shule ya misheni mwaka 1922 akamaliza darasa la nne mwaka 1927. Hesabu alizifanya kichwani bila kuandika. Mwaka ule baba alikuwa na karo ya mtoto mmoja tu, na mtoto aliyestahili kuendelea kwa umri alikuwa Saulo. Yeye alimwambia baba kwamba vitabu vinamsinzisha, afadhali apelekwe Abrahamu. Mwaka uliofuata akaenda kuchimba dhahabu Lupa, na karo yangu ya miaka sita ilitoka huko. Ualimu wangu, na Kiingereza nilichojifunza, vililipiwa na mtu huyu tunayemzika.

Mwaka 1940 aliingia jeshi la Keya. Alifundishwa kuendesha lori, akafika Uhabeshi na Burma, akarudi Mei 1946 akiwa mzima, ingawa kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua tangu machimboni. Aliajiriwa Idara ya Kazi za Umma, Mbeya, akipeleka kokoto na vifaa vya madaraja katika barabara ya Iringa.

Ni barabara hiyo iliyompa mke. Mwaka 1947, wakati wa masika, lori lilikwama karibu na Kalenga. Wakapita akina dada watatu wenye vikapu vya mahindi, na Saulo, akiwa bado na tabia za jeshini, akawaamuru wasukume. Mmoja akatua kikapu chake akamwambia, "Kwetu mtu husalimia kamwene kwanza. Halafu avue viatu aingie matopeni na wenzake." Saulo alivua viatu. Huyo ndiye Lea binti Kasian. Ndoa ilichelewa mwaka mzima kwa sababu sisi ni Wamoravian na wao ni Wakatoliki, na kila upande ulikuwa na wazee wagumu. Mwishowe walifunga ndoa Jumamosi tarehe 16 Oktoba 1948, wakapanga chumba Majengo, Mbeya, na Mungu akawajalia watoto watatu.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa mtu mwingine asome.

Marehemu na mkewe waliweka akiba miaka minne. Yeye alitunza malipo yake ya jeshi na mshahara, shemeji Lea aliuza vitunguu na viazi sokoni. Mwaka 1952 walikuwa na shilingi elfu tano na mia mbili. Lori jipya aina ya Bedford liliuzwa elfu kumi na nane. Benki isingemkopesha Mwafrika asiye na dhamana, lakini Kampuni ya Carver na Wenzake, iliyouza malori hayo, ilikubali kupokea alichonacho na kilichobaki kilipwe kwa mafungu. Mkataba ulikuwa wa kurasa tisa, kwa Kiingereza. Marehemu aliuleta kwangu shuleni.

Niliusoma jioni moja. Maneno mengi niliyafahamu, mengine niliyaruka kwa sababu niliona haya kumwambia mtu aliyenisomesha kwamba sielewi. Nilimwambia uko sawa, atie sahihi. Akatia sahihi.

Kifungu nilichokiruka kilisema kwamba lori litabeba kwanza mizigo ya kampuni, kwa nauli itakayopangwa na kampuni. Kingine kilisema fungu moja likikosekana, lori linarudi, na fedha zilizokwisha kulipwa hazirudishwi.

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Jina lake lilikuwa limeandikwa mlangoni kwa rangi nyeupe. Alibeba mpunga kutoka mashamba ya Ubaruku hadi kwenye mashine ya kukoboa, na mashine ilikuwa ya Carver. Petroli alinunua kwenye pampu ya Carver. Bima ilikatwa na wakala ambaye ofisi yake ilikuwa ghorofani kwa Carver. Tulidhani ni bahati kwamba kila kitu kipo mahali pamoja.

Aprili 1954 kampuni ilipunguza nauli kwa theluthi moja. Fungu la kila mwezi halikupungua. Marehemu alifanya hesabu zake kichwani, akaona kwamba hata akiendesha siku zote saba hatafikisha. Akaenda kwanza ofisi ya kampuni. Bwana Carver mwenyewe alimpokea kwa upole, akamwambia nauli inategemea soko la mchele, si yeye. Marehemu akaona atafute mizigo ya watu wengine hadi Iringa, lakini kwa safari hizo ilitakiwa leseni. Akaomba. Siku ya kusikilizwa, mwenyekiti wa kamati ya leseni alikuwa Bwana Carver. Wakasema barabara ile ina malori ya kutosha, nayo mengi yalikuwa ya kampuni. Jambo la tatu alilojaribu ni kwenda benki kuomba miezi mitatu ya nafasi, maana alikuwa ameambiwa kwamba karatasi ya deni lake inashikwa huko. Karani alimpeleka chumba cha nyuma, kwa washauri wa benki. Walikuwa wazee watatu wa Kizungu mezani. Wa katikati akainua macho akasema, "Saulo, tumeonana tena."

Marehemu alitusimulia haya bila hasira, akila ugali. Alisema Bwana Carver alionekana kuona haya kidogo. Shemeji Lea akamuuliza sasa ataenda kwa nani mwingine. Akajibu, "Sijui. Nimeishiwa milango, wala si milango, nimeishiwa watu. Ni yule yule."

Lori lilichukuliwa tarehe 4 Oktoba 1954. Alikuwa amebakiza mafungu sita.

Nilikwenda kumwomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Aliniacha niseme yote, halafu akaniambia kwamba hata ningeusoma vizuri angetia sahihi tu, kwa sababu hapakuwa na mkataba mwingine wa kuchagua. Sijui kama alisema kweli au alinihurumia. Nimelifikiria jambo hili miaka mitano, na sijapata jibu.

Desemba ile kampuni ilimwita. Madereva waliopewa lori lake walikuwa wakiliharibu, naye alilijua. Walimpa shilingi mia na ishirini kwa mwezi aliendeshe. Alikubali, kwa sababu watoto walikuwa wanakula kila siku. Jina lake mlangoni lilifunikwa kwa rangi ya kijani, na kwa miaka miwili na nusu kaka yetu aliendesha lori alilolinunua, kwa mshahara, akabeba mpunga ule ule kutoka kwa watu wale wale. Watu wa Majengo walimtania mwanzoni, baadaye wakaacha.

Juni 1957 Bwana Carver alimwita tena ofisini. Benki ilikuwa tayari kuwakopesha wakulima wa Ubaruku mbegu na magunia, lakini kupitia kampuni, nao watie sahihi kuiuzia kampuni mpunga wote kwa miaka saba, kwa bei itakayotangazwa na kampuni kila msimu. Wakulima walikuwa wanasitasita. Bwana Carver alijua kwamba wanamwamini Saulo, kwa sababu alikuwa hajawahi kuwaibia hata debe moja. Akamwambia awaeleze vizuri, na wakitia sahihi, lori litarudi kuwa lake, na karatasi zake safi, bila deni.

Marehemu aliomba nakala ya mkataba. Akaja nao kwangu siku ya Ijumaa, asubuhi. Nilifunga mlango wa ofisi ya shule, tukausoma neno kwa neno, na kamusi mezani, hadi saa tisa alasiri. Nisipoelewa neno, sikuruka. Kifungu cha kumi na moja kilisema kwamba mkulima akikosa mavuno, deni litahamia kwenye mavuno ya mwaka unaofuata, na akifa litahamia kwa watoto wake. Nilimtafsiria mara mbili. Aliniomba mara ya tatu. Kisha akaukunja mkataba akauliza kama shule ina maji ya kunywa.

Sikumwuliza atafanya nini. Niliona amechoka, na nilijua kwamba nyumbani mtoto wao Ikupa alikuwa na homa na kodi ya chumba ilikuwa imepita siku zake.

Kesho yake, Jumamosi tarehe 22 Juni, alikwenda Ubaruku. Haya ninayosoma nimeyapata kwa mama Evarista, mjane mwenye shamba huko, ambaye amekuja leo na wenzake kumi na mmoja na amekaa pale kulia. Anasema watu zaidi ya sitini walikusanyika kando ya mfereji. Saulo aliwasomea vifungu vyote kwa Kiswahili, kimoja kimoja, kama alivyonisikia. Alipomaliza aliwaambia kwamba yeye aliwahi kutia sahihi karatasi ya namna hii, na lori wanaloliona lilikuwa lake. Wengi hawakujua. Walikuwa wakidhani tangu mwanzo ni dereva wa kampuni tu.

Mama Evarista akamwuliza, "Na wewe ukirudi bila sahihi zetu, utapata nini?"

Akasema, "Sitapata kitu."

"Na tukitia?"

Anasema Saulo aliwaambia ukweli wote, kwamba wakitia sahihi, atarudishiwa lori. "Ndiyo maana msinifuate mimi," akasema. "Fuateni mlichosikia kwenye karatasi."

Hawakutia sahihi. Yeye aliendesha lori tupu hadi Mbeya, akaliosha, akakabidhi ufunguo kwa karani, akaenda nyumbani kwa miguu. Shemeji Lea anasema alipoingia alimwambia neno moja tu, kwamba ameacha kazi, na shemeji akamwambia avue viatu ale.

Nisingependa mtu aondoke hapa akidhani kwamba mambo yaliisha vizuri. Msimu ule mashine haikupokea mpunga wa Ubaruku. Akina mama walitwanga kwa kinu hadi mikono ikavimba, na mpunga mwingine uliliwa na panya. Familia kadhaa zilikwenda ofisini kwa siri zikatia sahihi, wala marehemu hakuwalaumu. Mwaka uliofuata waliobaki waliandikisha chama cha ushirika, wakanunua mizani yao, na kampuni ikaongeza bei kwa senti tatu kila ratili ili wasiende mbali zaidi. Senti tatu ndizo zilizopatikana. Mashine bado ni ya Carver, na pampu, na viti vile mezani bado vina watu wale wale. Bwana Carver hakumfanyia marehemu ubaya mwingine. Walipokutana njiani alivua kofia.

Miaka miwili ya mwisho marehemu alitengeneza baiskeli chini ya kibanda sokoni Majengo. Kifua kilimzidi tangu Machi 1958. Alilazwa hospitali ya Mbeya mara tatu, na mara ya mwisho, mwezi uliopita, aliomba arudi kwao Masoko. Tulimleta tarehe 30 Julai. Siku zile alilala sana. Akiamka aliongea na mama kwa Kinyakyusa, mambo ya ndizi na ng'ombe, wala hakutaka kusikia habari za mjini. Aliaga dunia Jumanne tarehe 11 Agosti 1959, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba. Shemeji Lea alikuwa amemshika mkono. Neno lake la mwisho lilikuwa "ndaga", akimshukuru kwa maji.

Marehemu ameacha mama mzazi, Atuganile. Mjane, Lea binti Kasian. Watoto watatu, Sekela, Ikupa na Kasian mdogo. Mdogo wake mmoja, ambaye ni mimi ninayesoma. Na wakwe na mashemeji wa Kalenga, ambao wamesafiri siku mbili kufika.

Kama ilivyo desturi, familia hutangaza kwamba yeyote aliyekuwa akimdai marehemu ajitokeze. Kaka yetu alijua kwamba nitatangaza hivyo, akaniita kitandani Jumapili. Alipitia majina yote kichwani, mwenye nyumba, duka la dawa, fundi wa vipuri vya baiskeli, akanihakikishia kila mmoja amekwisha kulipwa. Na wale wanaodaiwa naye kwa baiskeli zao alisema wasamehewe, wasifuatwe. Halafu akaniambia, "Abrahamu, usome vizuri. Useme sidaiwi na mtu."

Nimesoma. Hadaiwi na mtu.

Ee Bwana, mtumishi wako amechoka. Mpokee, umpe kupumzika.